Jibu: Pampu ya kisima imesimama na kamati haina hela

Habari ndugu. Umesema shirika lako lilikabidhi kisima mwaka jana, sasa pampu ya mkono haitoi maji, kamati haina senti na wafadhili wanauliza maswali. Kabla hujaomba hela popote, fungua daftari la kamati. Mimi nilipofungua la kwetu nilikuta michango ya miezi miwili, kisha kurasa tupu. Watu waliacha kuchangia kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasomea matumizi. Tukasoma hesabu pale pale kisimani, ndoo zikiwa kwenye foleni, na ufunguo wa kisanduku cha michango tukamkabidhi mama anayeteka maji hapo kila siku. Michango ikarudi.

Pampu yenyewe: ikiwa unapiga mpini mara nyingi ndipo maji yaje, anza na mpira wa pistoni na vali ya chini, ile inayozuia maji kurudi kisimani. Kwenye Afridev, aina moja ya pampu ya mkono, vinatolewa bila kung'oa bomba zima. Mpini ukiwa mwepesi kabisa, huenda fimbo za ndani zimeachana; hilo sijawahi kulitengeneza, mwite fundi. Pia hesabu watumiaji ni wangapi, maana mwongozo wa Sphere, wa viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, unasema watu wasizidi 500 kwa pampu moja.