Gari la kwanza la porini: kabla hujatoa hela ingia uvunguni

Mbukwenyi wandugu. Juzi kuna dogo kanipigia, kapata kazi ya kuzunguka vijiji vya Manyoni na Itigi, anataka gari lake la kwanza la fowili, yaani la kuvuta kwa tairi zote nne, na dalali kashamtumia picha kama kumi hivi, zote zinang'aa. Nikamwambia mdogo wangu tulia kwanza nikuandikie niliyoyapitia, na wengine wasome.

La kwangu la kwanza nilinunua hapahapa Dodoma mjini, kwa mtu, aina ya gari naiacha. Limenyanyuka, tairi nene, bodi safi, kile kigia cha pili kipo kando ya gia kubwa kimeandikwa H2 (zinavuta tairi mbili), H4 (zinavuta zote nne), L4 (zote nne kwa gia nzito ya taratibu), basi mi nikajua ndo fowili yenyewe hiyo. Januari naelekea Kwa Mtoro, mvua imepiga siku mbili, nikaingia mbugani kwenye ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka mpaka mguu unaingia na mvua ikinyesha unanata kama gundi, tairi za nyuma zikaanza kuzunguka bure. Nikatia H4, za nyuma zinazunguka za mbele zimetulia tuli. Nikatia L4, hivyohivyo. Nikashuka nikalala kwenye tope na tochi ya simu, kuangalia hivi, prapela shafti ya mbele, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kwenye difu, haipo kabisa! Difu ipo, na pale inapofungwa shafti kuna tundu nne za bolti zimejaa kutu na grisi iliyoganda, maana yake ilitolewa siku nyingi. Watu wanaitoa eti gari lisile mafuta, au ilianza kugonga wakaona kuitengeneza ni gharama, halafu wanakuuzia bila kusema neno. Nililala pale mpaka asubuhi wazee wakaja na ng'ombe sita wa plau wakanivuta. Nyumbani mke wangu ana mimba ya miezi saba na simu haishiki, hajui niko wapi. Ndo maana hili jambo naliongea kwa uchungu.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, lala chini uangalie, prapela ziwe mbili, moja inaenda nyuma moja inaenda mbele. Halafu lipeleke kwenye korongo la mchanga, Dodoma makorongo hayajawahi kuisha, tia L4 uliachie lijivute lenyewe taratibu bila kukanyaga mafuta, na mtu asimame nje aangalie kama tairi za mbele nazo zinavuta. Kama katikati ya tairi za mbele kuna vile vifuniko vya kuzungusha kwa mkono, vimeandikwa FREE na LOCK, vizungushe vyote viwili viende LOCK kwanza, la sivyo utasema gari bovu kumbe zima. Na jaribio hili usilifanye kwenye lami kavu, ukikata kona na H4 gari linakaza unaumiza difu na gia boksi.

Sasa aina gani. Mimi kitu cha kwanza naangalia ni hiyo L4. RAV4 kwa barabara ya vumbi nzuri tu, lakini gia nzito hiyo haina, maandishi ya 4WD pale nyuma yasikudanganye. Kwa anayeanza na hela ya kawaida namshauri Jimny au zile Escudo za zamani zenye kigia. Jimny ni tani moja na kidogo tu, na mbugani uzito ndo unaokuzamisha, ikikwama vijana wanne watano wanaisukuma inatoka, ila tanki ni lita 40 kwa hiyo njia ndefu beba dumu. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ ndo mwisho wa maneno, lita 4.2, silinda sita, haina tabo, pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuirudisha, lakini hata iliyochoka bei yake inauma. Prado iko katikati, ila ile ya 1KZ ukiiacha ichemshe hedi inapasuka, kwa hiyo fungua rejeta asubuhi injini ikiwa ya baridi, ukiona mafuta yanaelea kwenye maji, ondoka.

Pia pita maduka ya spea kabla hujalipa, ulizia pampu ya maji, klachi pleti na bushi za gari hilohilo, kama kila duka wanakwambia mpaka waagize Dar basi ujue huko Itigi utakaa siku ngapi ukisubiri.

Na usimalizie hela yote kwenye gari, bakiza ya tairi. Ubavuni kuna herufi DOT, soma namba nne za mwisho, 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, kashata inaweza kuwa nzuri na mpira ushakauka. Ukifika kwenye mchanga shusha upepo kutoka PSI 32 mpaka 18 hivi, gari linaelea, ila uwe na pampu ya kurudishia. Beba chepe, kamba nzito, na kipande cha mbao kipana cha kuweka chini ya jeki, maana mbugani jeki inazama yenyewe gari liko palepale.

Dogo, lile jeupe la picha ya tatu limepigwa picha pande zote isipokuwa chini. Mwambie dalali Jumamosi asubuhi tunakuja kuliona, turubai la kulalia ninalo.