Kwa mnaoanza kazi ya boti zisizo na nahodha

Wadogo zangu, wengi mnaokuja Tanga kujifunza kazi hii huuliza kwanza boti zitaongeaje. Mimi nawaomba muanze hapa: redio ikikatika, kila boti itafanya nini?

Nililijua hili Raskazone, hapa Tanga. Tulishusha boti tatu ndogo zilinde eneo, kila moja na kipande chake. Upepo wa kusi ulikuwa umeshika. Antena zetu hazikufika hata mita moja juu ya maji, kwa hiyo boti iliyoshuka kati ya mawimbi mawili ilipotea kwa wenzake. Mbili zikaamini ya tatu imekufa, kila moja ikaenda kuziba pengo, zikagongana ubavuni. Ile ya tatu ilikuwa nzima, inaendelea na doria yake.

Tangu siku hiyo siandiki programu ya kugawana kazi bila kuweka muda. Ujumbe unabeba saa uliyotumwa. Ukichelewa mno, unatupwa. Boti inashika kazi kwa sekunde chache, kisha inaitangaza upya. Isiyosikia mwenzake hata mmoja inapunguza mwendo, inabaki kwenye kipande chake na haidai cha mwingine. Zinazosikilizana ndizo zinazoamua nani aende.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifanya jaribio Mto James, Virginia, mwaka 2014. Boti hadi 13, baadhi zikijiendesha na nyingine zikiongozwa kwa mbali, zilisindikiza meli kisha zikakizingira chombo kilichoigiza adui. Mfumo wao wa kuziendesha boti, CARACaS, una asili katika teknolojia ya NASA ya magari ya kuchunguza sayari ya Mirihi. Mwaka 2016, Ghuba ya Chesapeake, boti nne zilipatana zenyewe ipi ikifuate chombo kigeni. Kwangu hili la pili ndilo gumu: zote kukimbilia ni rahisi, kupatana nani abaki ndiyo kazi. Kufyatua silaha waliacha kuwe uamuzi wa binadamu, nami nataka ubaki huko.

Halafu someni kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972. Chombo cha injini hukipisha cha tanga na kile kinachovua. Kwetu hiyo ni ngalawa, na mbao zake rada huziona kwa shida, kwa hiyo msitoke bila kamera.

Nendeni pia kwenye soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, alfajiri, wavuvi wanapoleta samaki. Waulizeni manahodha wanajuaje mwenzao atageuza kabla hajagusa usukani. Nendeni na daftari.