Do iko wapi hapa? Kwa anayetoka kwenye solfa kwenda kusoma nota za gitaa

Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu hapa Majengo, Moshi, wameimba kwaya tangu utotoni. Ukimpa mmoja wao karatasi ya solfa anaimba sauti yake bila kukwama, d, r, m (do, re, mi), pamoja na nukta mbili na vistari vyake vyote. Mwekee sasa karatasi ya mistari mitano, gitaa likiwa mapajani, ananyamaza. Kisha linakuja swali ambalo nimelisikia mara nyingi sana: "Mwalimu, do iko wapi hapa?"

Ni swali zuri, na nataka uanze nalo kabla hujakariri kitu chochote. Kwenye solfa do inahama. Mwalimu wa kwaya akisema do ni G mnaanzia hapo, akisema do ni D mnahama wote. Kwenye nota kila mstari na kila nafasi ina herufi yake isiyohama, na do unaitafuta wewe mwenyewe kwa kuangalia alama zilizo mwanzoni, baada ya ufunguo, ile alama kubwa inayoanzisha mistari. Kwa wimbo wa meja (unaotulia kwenye do) wenye shapu (alama ♯, inayopandisha nota nusu hatua, umbali mdogo kama wa ti kwenda do), shapu ya mwisho upande wa kulia ndiyo ti. Panda nusu hatua, umefika kwenye do. Shapu ikiwa moja tu, imekaa kwenye F, basi do ni G.

Sasa shika gitaa. Uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, ukiwa wazi, yaani bila kubana freti (vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), ni G. Kwenye karatasi G hiyo imekaa mstari wa pili kutoka chini, ule ambao ufunguo wa G umejikunja kuuzunguka. Hiyo ni do. Uzi huo huo freti ya pili ni A, yaani re, nayo iko kwenye nafasi inayofuata juu. Uzi wa pili wazi ni B, mi, mstari wa katikati kabisa. Freti ya kwanza ni C, fa. Freti ya tatu ni D, so. Uzi wa kwanza wazi ni E, la. Freti ya pili ni F shapu, ti. Freti ya tatu ni G, do ya juu, inayokaa juu ya mstari wa tano.

Zipige polepole huku unaimba majina ya solfa, macho yakiwa kwenye karatasi. Utagundua jambo ambalo karatasi haikuonyeshi: kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, sauti inapanda freti moja tu, ilhali kwingine kote inapanda mbili. Kwa macho hatua zote zinafanana. Sikio lako lilishalijua hilo miaka mingi kanisani, kwa hiyo liamini sikio kidole kinapokosea. Nota hizo nane zinakutosha mwezi mzima, na sioni sababu ya kuharakisha.

Kuna tabia moja naikataza kabisa darasani kwangu, nayo ni kuandika herufi kwa penseli juu ya kila nota. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi. Nyumbani nilipiga vizuri, nikaamini ninasoma. Siku moja kwenye mazoezi nikapewa nakala safi ya wimbo ule ule, na sikuweza kupiga hata mstari wa kwanza. Macho yangu yalikuwa yamejifunza kusoma maandishi yangu ya penseli tu. Iliniuma sana, na ikabidi nianze upya. Ndiyo maana nakuruhusu herufi moja tu mwanzoni mwa mstari. Baada ya hapo soma umbali: nota imehama kutoka mstari hadi mstari unaofuata, basi umeruka moja, kama do kwenda mi. Imehama kutoka mstari hadi nafasi ya jirani, ni hatua moja, kama do kwenda re.

Mapigo jifunze peke yake. Chukua daftari la hesabu, lile la viboksi, na kila kiboksi kiwe nusu pigo. Kwa wimbo wa 4/4 (mapigo manne), kila kipimo, yaani kutoka kistari cha wima hadi kingine, kina viboksi 8. Robo nota inachukua viboksi 2, nusu nota 4, nota nzima 8. Robo nota yenye nukta inachukua 3, kwa sababu nukta huongeza nusu ya thamani ya nota. Paka rangi, kisha piga makofi ukihesabu moja-na-mbili-na. Mwezi wa saba, asubuhi, Moshi ikiwa na baridi yake na vidole vimekakamaa, hiyo ndiyo kazi ya kuanzia.

Tafadhali, mazoezi ya mapigo usiyafanye kwa wimbo wa kwaya unaoujua. Sikio litakukimbilia mbele, na utadhani umesoma. Wimbo unaoujua utumie kutafuta sauti. Usioujua utumie kujipima.

Usishtuke ukipiga pamoja na kinanda mkisoma nota ile ile na gitaa likasikika chini. Muziki wa gitaa huandikwa oktavu moja (umbali wa do hadi do inayofuata) juu ya sauti yake halisi. A ya uzi wa tano wazi huandikwa mahali ambapo kinanda hutoa mitetemo 220 kwa sekunde, lakini gitaa hutoa 110.

Jambo jingine linalowatesa wanaoanza ni kwamba nota moja ina makazi mengi. E ya uzi wa kwanza wazi inapatikana pia uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, na uzi wa nne freti ya 14. Namba iliyo ndani ya kiduara inakutajia uzi. Namba ndogo isiyo na duara kando ya nota ni kidole cha mkono wa kushoto, na herufi p, i, m, a ni vidole vya kulia: gumba, cha shahada, cha kati na cha pete. Kama hakuna alama yoyote, tafuta kwanza karibu na kichwa cha gitaa.

Nyuzi za besi zije mwisho, kwa kuwa nota zake nyingi zinaning'inia kwenye vistari vya nyongeza chini ya mistari mitano. Anza na uzi wa sita freti ya tatu, G iliyoandikwa chini ya kistari cha pili cha nyongeza. Ipige, kisha uzi wa tatu wazi, kisha uzi wa kwanza freti ya tatu. Hizo ni do zako tatu.