Ruzuku ya mafunzo ya ajali za bomba: kabla hamjanunua povu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni zimamoto wa kujitolea katika kaunti moja ya mashambani jimboni Ohio, Marekani. Kwetu yanapita mabomba mawili makubwa, moja la gesi asilia, na jingine sina hakika linabeba nini. Kikosi kinataka kuomba ruzuku ya serikali kuu ya kufundisha waokoaji kukabili ajali za bomba. Amejitokeza mshauri: atatuandikia andiko, atatusajili kwenye mfumo wa serikali, na fedha zikitoka atachukua asilimia kumi. Mpango wake ni tununue povu la kuzimia moto na pampu, kisha tufanye siku moja ya mafunzo ya kuzima moto wa bomba, kila mtu aondoke na cheti. Je, PHMSA, wakala wa Wizara ya Uchukuzi anayesimamia usalama wa mabomba na usafirishaji wa vitu vya hatari, watakubali povu? Na asilimia kumi ni haki?

JIBU: Ndugu yangu, asilimia kumi haina mjadala. Kanuni za matumizi ya fedha za serikali kuu, zile za 2 CFR 200, hazikubali mshauri alipwe kutoka kwenye ruzuku kwa ujira unaotegemea kupatikana kwa fedha zenyewe. Mkimlipa hivyo, mkaguzi ataikataa gharama hiyo na nyinyi ndio mtakaoirudisha. Usajili wa SAM.gov, ule mfumo wa serikali, nao ni bure, pamoja na ile namba ya utambulisho wa mwombaji, UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS mwezi Aprili 2022. Anayewatoza kwa kazi hiyo anawauzia maji ya mto.

Povu je? Ruzuku za PHMSA zimekusudiwa mafunzo, mipango na msaada wa kiufundi. Vifaa vina mlango wake: AFG, ruzuku ya zimamoto inayotolewa na FEMA, wakala wa serikali kuu wa dharura. Huko ndiko vikosi huombea magari, mavazi ya kujikinga na mitungi ya hewa.

Hayo yameisha. Kilichonifanya nikae chini kukujibu ni maneno mawili uliyoyapita haraka haraka. La kwanza ni hilo la "mafunzo ya kuzima moto wa bomba". Nakutana nalo kwenye kila andiko la pili ninalopewa nilisome, na kila mara najua kwamba aliyeliandika hajawahi kuzungumza na mtu wa bomba.

Zimamoto hawauzimi moto wa gesi inayotoka kwenye bomba lenye shinikizo. Unaachwa uwake mpaka kampuni inayoendesha bomba ikate gesi. Tuseme mmefaulu kuuzima huku gesi bado inatoka. Mmeondoa kitu pekee kilichokuwa kinaila ile gesi. Sasa inasambaa bila kuonekana, inaingia kwenye mitaro, chini ya nyumba, hata kwenye injini ya gari lenu, na ikikutana na cheche itawaka kote ilikofika. Maji mnayahitaji kwa kupoza nyumba na matangi ya jirani yasishike moto. Ulimi wenyewe wa moto uacheni.

Valvu msiziguse, hata kama mnaiona moja kando ya barabara na mnayo mikono ya kuizungusha. Ukifunga valvu ya bomba la mafuta bila kuongea na chumba cha udhibiti cha kampuni, shinikizo linaweza kurudi nyuma kwa kishindo na kulipasua mahali pengine. Hata valvu sahihi zikifungwa na wenye nazo, gesi iliyobaki kati ya valvu mbili, pengine kilomita nyingi, itaendelea kuwaka hadi iishe. Kanuni iliyotolewa mwaka 2022 inataka valvu za kulitenga bomba lililopasuka zifungwe ndani ya dakika 30 baada ya mpasuko kutambuliwa, lakini inahusu mabomba mapya au yaliyobadilishwa, ya kipenyo cha inchi 6 kwenda juu. La kwenu lililozikwa enzi za babu zenu huenda halimo.

Tarehe 9 Septemba 2010, jioni, bomba la gesi la inchi 30 lilipasuka katikati ya makazi huko San Bruno, California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Waokoaji wa mwanzo walidhani ndege imeanguka, kwa sababu uwanja wa ndege wa San Francisco uko karibu. Mlipuko ulikuwa umevunja na bomba la maji, hivyo walipounganisha mipira yao ya maji mtaani wakakuta pakavu. Gesi ilikatwa baada ya dakika 95. Na mkuu wa zimamoto wa mji ule alikuja kueleza mbele ya wachunguzi kwamba hakujua bomba la namna hiyo linapita pale. Hebu mwulize mshauri wako povu lake lingefanya nini jioni ile.

NTSB, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri iliyochunguza ajali hiyo, ilipendekeza kampuni zilazimishwe kuwapa waokoaji habari za bomba lao hasa: kipenyo, shinikizo, kinachobebwa, na duara la hatari. Duara hilo, kwa gesi asilia, mnaweza kulipiga wenyewe. Chukua kipeuo cha pili cha shinikizo la juu linaloruhusiwa, zidisha kwa kipenyo, kisha kwa 0.69, upate futi. Kwa bomba la inchi 24 lenye shinikizo la pauni 900 kwa inchi ya mraba, kipeuo cha 900 ni 30, mara 24 ni 720, mara 0.69 ni kama futi 497. Mita 150 na ushei, kila upande. Litembezeni duara hilo juu ya ramani ya kaunti, bomba zima, na mhesabu shule, kanisa na nyumba za wazee zilizoangukia ndani. Kisha mkumbuke kwamba hapo kwenye ukingo wake si mahali pa kuegesha gari wala pa kuwasimamisha watu. Raia wanaondolewa mbali zaidi. Kikosi kilichofanya kazi hiyo mchana mmoja kimejifunza kuliko kilichokaa siku nzima kikitazama picha za miale ya moto ukutani.

Neno la pili ni lile la bomba ambalo huna hakika linabeba nini. Hapo ndipo pa kukosesha usingizi.

Mwezi Julai 2010, bomba la mafuta la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na Marshall, Michigan. Watu walisikia harufu jioni ile ile, wakapiga 911, namba ya dharura, na zimamoto wakatoka na vipimo vyao kutafuta chanzo. Hawakukiona. Mafuta yaliendelea kumwagika, tena kampuni yenyewe ikawasha pampu zaidi ya mara moja ikidhani tatizo ni jingine, na zaidi ya saa 17 zikapita kabla ya mpasuko kugunduliwa. Karibu galoni 843,000 zilitoka, nyingi zikaishia mto Kalamazoo.

Satartia, Mississippi, tarehe 22 Februari 2020, ilikuwa kinyume: hapakuwa na moto hata kidogo. Bomba la inchi 24 lilikuwa limebeba hewa ya ukaa, udongo ukaporomoka baada ya mvua nyingi, likakatika. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo ikateremka na kulala kijijini. Injini za magari zilizimika kwa kukosa oksijeni, watu 45 walikwenda hospitali, na karibu 200 walihamishwa. Ripoti ya PHMSA ilisema waokoaji wa pale hawakuwa wameelezwa na kampuni kuhusu hatari ya pekee ya bomba lile. Waliookoa watu jioni ile walihitaji mitungi ya hewa na kujua upepo unaelekea wapi. Kikosi kilichofundishwa moto peke yake kingesimama kikiutafuta.

Kwa hiyo kabla ya andiko, kabla ya mshauri, panda gari uende mpaka pale bomba linapovuka barabara. Kuna nguzo ya alama. Soma: kinachobebwa, jina la kampuni, namba ya simu ya dharura. Nguzo haitakuambia kina, wala haikuhakikishii kwamba bomba liko chini yake barabara. Inakuambia nani wa kumpigia. Halafu fungua ramani ya mabomba ya taifa ya NPMS, ile ya umma, utazame kaunti yako. Usiisome kama ramani ya fundi wa kuchimba, maana inaruhusu kukosea hadi futi 500, na mabomba ya kusambaza gesi majumbani hayamo. Kisha pigeni simu kampuni zote mbili, kwa namba ya kawaida, mwaombe waje kituoni. Si fadhila. Kanuni za usalama wa mabomba zinawalazimu kudumisha mawasiliano na zimamoto na polisi wa maeneo wanakopita. Wapo wanaotimiza wajibu huo kwa kutuma bahasha yenye kijitabu na kalamu. Msiikubali bahasha, mtake mtu.

Mafunzo ya msingi nayo yapo bila malipo. Chama cha wakuu wa zimamoto wa majimbo, NASFM, kina programu nzima ya ajali za bomba iliyoandaliwa kwa msaada wa PHMSA, na ERG, kile kitabu cha mwongozo wa dharura mlicho nacho garini, kina kurasa za mabomba mwanzoni. Ndani yake, mwongozo namba 115 ni wa gesi zinazowaka, 128 ni wa mafuta, 120 ni wa hewa ya ukaa.

Ndipo ruzuku ipate maana, kwa sababu sasa mnajua pengo liko wapi. Sheria ya mabomba, kifungu cha 60125, inaruhusu ruzuku ya waokoaji kwa serikali za majimbo, kaunti na miji iliyo katika maeneo ambako ajali ya bomba ingeleta madhara makubwa, hivyo huenda mwombaji akawa kaunti na nyinyi mkawa walengwa. TAG, ruzuku ya PHMSA ya msaada wa kiufundi, ni ya jamii za maeneo na mashirika yasiyo ya faida. Fedha zake haziruhusiwi kutumika kushawishi watunga sheria wala kuendesha kesi. HMEP, ruzuku ya PHMSA ya kujiandaa kwa dharura za vitu vya hatari, huombwa na jimbo, ikiwa na mchango wa asilimia 20 usiotoka serikali kuu, na nyinyi mnaifikia kupitia jimbo. Lakini hiyo ilizaliwa kwa ajili ya vitu vya hatari vinavyosafirishwa, zaidi barabarani na relini, basi msichukulie kwamba somo la bomba litaingia lenyewe. Ulizeni ofisi ya jimbo kwanza, kwa maandishi. Fedha mziombee zoezi la mezani, yaani kuipitia ajali ya kubuni kwa mazungumzo, pamoja na watu wa chumba cha udhibiti cha kampuni, na mafunzo ya wapokea simu wa 911, ambao kila andiko huwasahau ilhali wao ndio wa kwanza kusikia "kuna mlio kama ndege" au "kuna harufu".

Huyo mshauri wenu si wa kwanza. Kila dirisha la ruzuku likifunguliwa wanaota kama uyoga, wana andiko moja walilobadilisha jina la kaunti, na cheti chenye nembo inayong'aa. Mtu akija kuwauzia mafunzo ya bomba, mwulizeni: ni kampuni gani inayoendesha bomba letu? Gesi yake imetiwa harufu? Maana gesi ya mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi haijatiwa. Nani anaruhusiwa kufunga valvu? Akianza kuzungumzia povu, mshukuruni kwa muda wake na mfungue mlango.