Kabla hamjapanga meza ya Oktoba

Wadogo zangu mliokuja Marekani kusoma na sasa mmeingia sororiti, yaani chama cha wasichana wa chuo, Oktoba ikifika mtapewa meza, kikapu cha tepe za pinki za kampeni ya saratani ya matiti na kopo la michango. Kwa kazi hii wanaojulikana sana ni Zeta Tau Alpha, walioanzia Farmville, Virginia, mwaka 1898. Elimu ya saratani ya matiti wameishika tangu 1992. Yetu ilikuwa nyingine, ndogo, na jina nitalihifadhi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaanga mandazi mia mbili. Yalipokaribia kuisha nikajiona nimemaliza kazi. Akaja mama mmoja anayefanya usafi bwaloni. Hakutaka andazi. Akagusa kwapa juu ya sare yake, akaninong'oneza: ana uvimbe hapa, bima hana, aende wapi? Nikampa utepe. Ndiyo, utepe. Akaukunja, akautia mfukoni, akashukuru kwa adabu na kurudi kwenye ndoo yake.

Jibu nilikuja kulitafuta usiku, wala halikuwa limefichwa. Upo mpango wa serikali kuu, uliotokana na sheria ya 1990, unaowapima matiti na mlango wa kizazi wanawake wa kipato kidogo wasio na bima, bure au kwa bei ndogo, na kila jimbo linao. Namba ya simu ya jimbo lenu iandikeni kwa herufi kubwa, muibandike mezani kabla ya kitu kingine chochote. Mama yule nilimpata wiki ya pili. Alikuwa amehamishiwa zamu ya usiku.

Mtaulizwa mengi. Kwa mwanamke asiye na hatari ya pekee, ushauri uliotolewa huko mwaka 2024 ni mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kila baada ya miaka miwili, kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. Aliyeuguliwa na mama au dada azungumze na daktari mapema zaidi. Ngozi ikibonyea, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu, asisubiri miaka hiyo. Vimbe nyingi si saratani, mwambieni hivyo, ila aende kupimwa. Msichokijua semeni hamkijui; ninyi si madaktari.

Halafu hiyo meza msiiache mbele ya maktaba tu, wanakopita wasichana wa miaka ishirini. Wanawake weusi huko hawaugui kuliko weupe, lakini vifo vyao vinazidi kwa karibu asilimia 40. Nendeni makanisani, nendeni saluni za kusuka. Mtu anayekaa kitini kwa muda wa saa tano atawasikiliza, apende asipende.

Pesa zihesabiwe na watu wawili, siku ileile. Sisi mwaka mmoja tulishona fulana nzuri sana, na zikala zaidi ya nusu ya michango.

Mandazi kaangeni, yanavuta watu. Ila kuuza mwachieni mwenzenu mmoja, wengine mkae upande wenye ile namba ya simu.