Maswali ya Wasomaji: Breki na mafuta ndani ya kona

SWALI: Assalaam alaykum. Naendesha pikipiki ya cc 150 baina ya Wete na Chake Chake, mara nyingi na abiria. Kona ikinizidi nikikamata breki ya mbele, pikipiki hunyanyuka na kunipeleka upande wa pili wa barabara. Nikikanyaga ya nyuma, tairi huteleza. Nishike ipi?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Tatizo si breki ipi, ni wakati gani. Tairi ina kiasi chake cha kung'ang'ania lami, na pikipiki ikishalala, sehemu kubwa ya kiasi hicho inatumika kukuzungusha kona. Breki inagombania kilichobaki. Ukikamata ya mbele, lami inaisukuma tairi kwa ubavuni badala ya katikati, usukani unajigeuza kwa ndani, na pikipiki inanyanyuka wima. Ndiyo maana unatoka nje ya kona. Ya nyuma hujifunga upesi kwa kuwa uzito umekimbilia mbele. Ukiiachia ghafla mkia ukiwa umeshakwenda pembeni, tairi hushika tena kwa kishindo na inaweza kukurusha.

Wengi hawajui kwamba hata kuachia mafuta ghafla ni breki, tena ya nyuma peke yake, na gia ya pili huvuta kuliko ya nne.

Kwa hiyo punguza mwendo ungali umesimama wima: breki zote mbili, ya mbele ukiibana taratibu, kisha shusha gia, ndipo ulaze. Ndani ya kona weka mafuta kidogo ya kutunza mwendo tu, ongeza ukishaiona njia ya kutokea. Kona ya kilomita 30 kwa saa ukiingia nayo kwa 60, tairi inadaiwa nguvu mara nne, si mbili. Na abiria, au lami ikiwa na tope la masika au makonyo ya karafuu, ingia pole zaidi.

Ukishakosea? Tazama unakotaka kwenda, si mtaroni. Kona ya kushoto, sukuma mpini wa kushoto kwa mbele, pikipiki ilale zaidi. Kwenye lami kavu pikipiki hulala zaidi ya moyo wa dereva. Kama mbele yako pana gari ya ng'ombe, inyanyue kwanza, kisha ndiyo ufunge breki kwa nguvu.

SWALI: Nikirudisha mafuta katikati ya kona, pikipiki hushtuka. Kabureta?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Anza na cheni. Zungusha gurudumu utafute pale inapokaza zaidi, halafu isukume juu na chini katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo ichezecheze milimita 20 hadi 30. Ikizidi, kila ukifungua mafuta hukaza kwa kishindo, na kishindo hicho kinafika kwenye tairi iliyolala. Halafu angalia waya wa akseleta: mpini wa mafuta ucheze milimita 2 hadi 6 kabla injini haijaitika.