Je, mshipa ukitolewa mguu hautakauka?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 46, nauza dagaa na sato katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kazi yangu ni ya kusimama tangu alfajiri hadi jua la utosi. Tangu mimba ya tatu mishipa ya mguu wa kushoto ilianza kutokeza, na sasa imevimba na kujisokota kama kamba za nyavu kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Ikifika jioni mguu unakuwa mzito na unawaka moto, na ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, imekuwa nyeusi na inawasha. Hospitalini nimeambiwa mshipa mkubwa unaweza kutolewa kwa upasuaji. Jirani zangu wanasema ukitolewa mguu utakauka, na mmoja amenishauri nikaumikwe ili damu chafu itoke. Nifanye nini?
Mama Dagaa, Mwanza

JIBU: Mama, pole sana, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kuumikwa. Nakusihi usikubali chuku wala chale juu ya mishipa hiyo. Damu iliyomo imejaa kwa shinikizo na ngozi inayoifunika imekonda, hivyo mkato mdogo tu unaweza kumwaga damu nyingi, na jeraha likiingia kwenye ngozi iliyokwisha kuwa nyeusi linaweza kugeuka donda linalokaa miezi bila kufunga. Tena damu hiyo si chafu. Ni damu yako ileile, iliyochelewa kurudi moyoni.

Damu hushuka miguuni kwa ateri na kurudi juu kwa vena, na kwa kuwa inapanda mlima, ndani ya vena mna vali, yaani vijilango vinavyofunguka kuelekea juu na kujifunga damu ikishapita. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu huikamua damu na kuisukuma. Ukisimama mahali pamoja mbele ya meza ya samaki, msukumo huo haupo. Mimba, umri na kurithi kutoka kwa wazazi huchangia vali kulegea, na zikishalegea damu hurudi chini, mshipa hutanuka na kujipinda.

Hofu ya mguu kukauka naielewa, kwa maana ni nani asiyeogopa kung'olewa mshipa mrefu kuliko vena zote mwilini? Lakini takriban sehemu tisa kati ya kumi za damu inayotoka mguuni hupitia vena za ndani kabisa, katikati ya misuli, wala haipitii huu ulio chini ya ngozi. Madaktari wa moyo huutoa mshipa huohuo kwenye mguu mzima na kuutumia kuzungushia damu pale ateri za moyo zilipoziba, na wagonjwa hao huendelea kuutembelea mguu huo. Wako umekwisha kushindwa kazi, na kwa hiyo ukiondolewa damu hupata njia nyingine iliyo nzima.

Sharti lipo, nalo ni kubwa: ni lazima vena za ndani zithibitishwe kuwa wazi, kwa sababu kama ziliwahi kuziba kwa damu iliyoganda, huenda mishipa hiyo ya juu ndiyo inayobeba mzigo wa mguu. Kwa hiyo usiingie chumba cha upasuaji kabla ya kupimwa ultrasaundi ya Dopla, kipimo kinachoonyesha damu inavyopita ndani ya mishipa. Utasimama, utapakwa ute wa baridi pajani, mpimaji ataminya shavu la mguu na kuliachia. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde, vali za mshipa huo zimeharibika. Kama kituo chako hakina kipimo hicho, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Bugando.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa ganzi ya mgongoni au nusu kaputi. Daktari hukata kidogo kwenye kinena, huufunga mshipa pale unapoingia katika vena ya ndani, hupitisha waya mwembamba ndani yake hadi karibu na goti, kisha huufunga kwenye waya na kuuvuta utoke. Kwa kawaida haendelei hadi kwenye kifundo, kwa kuwa huko mshipa umepakana na neva, yaani mshipa wa fahamu, nayo ikiumia mguu unaweza kubaki na ganzi. Vipande vilivyojisokota huchomolewa kupitia matundu ya milimita chache. Mguu hufungwa bendeji, na siku hiyohiyo utahimizwa kutembea ili damu isigande. Tarajia michubuko, na usiinue ndoo za dagaa kwa wiki mbili au tatu. Baada ya miaka kadhaa mishipa mingine inaweza kuvimba. Hilo lazima ulijue mapema.

Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2013 unataka mshipa uchomwe kwanza kwa leza au mawimbi ya redio, pasipofaa udungwe dawa ya povu, na upasuaji uje wa tatu. Uliza kama njia hizo zinapatikana. Zisipopatikana, usiuone upasuaji kuwa tiba duni. Soksi za kubana hupunguza uzito wa mguu lakini hazirekebishi vali, na usizivae kabla ateri zako hazijapimwa, kwa maana zikiwa na kasoro soksi zinaweza kuudhuru mguu.

Ingekuwa shida ni sura ya mguu tu, ningekuambia usiwe na haraka. Weusi ule wa ngozi ndio unaonitia wasiwasi, kwani mara nyingi donda huanzia hapo. Utafiti wa wagonjwa 500 waliowahi kupata donda la aina hiyo, uliochapishwa Uingereza mwaka 2004, ulionyesha kwamba, kwa waliofungwa bendeji peke yake, donda lilirudi kwa asilimia 28 ndani ya mwaka, na kwa walioongezewa upasuaji lilirudi kwa asilimia 12. Kwa hiyo, Dopla ikikubali, nakushauri utibiwe kabla donda halijafunguka.

Wakati ukisubiri, mshipa ukipasuka na kutoa damu, lala chini papo hapo, inua mguu juu kuliko kifua, bonyeza palipopasuka kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika kumi, kisha upelekwe hospitali. Usikaze khanga mguuni kati ya jeraha na paja, kwa sababu huzuia damu kupanda na kuifanya itoke zaidi.